Sijda Ndefu ya Kazija

Wanangu wauguzi, juzi mlipokuja kunitazama hapa kwangu Mpendae mkanikuta ukumbini nachambua mchele, mmoja wenu aliniuliza ni kifaa gani kilichonifaa zaidi katika miaka ya kuwafuatilia wagonjwa wa mfuko wa moyo. Nikamjibu, viatu. Mkacheka, mkamaliza chai yenu, mkaenda zenu. Mlipoondoka nikaona haya. Watoto wa watu mmetoka kazini na uchovu wenu, mmekuja kutafuta maarifa, mimi nikawapa mzaha. Basi haya ninayoyaandika ndiyo jibu lenyewe, na mkiliona refu mjue mmejitakia.

Niwaeleze kwanza wale ambao hawakuja. Mimi ni muuguzi mstaafu. Sehemu kubwa ya kazi yangu niliifanya wodini, lakini miaka ya mwisho, kabla magoti hayajanigomea, nilikuwa katika kikundi kidogo cha utafiti chini ya Daktari Nassor, bingwa wa maradhi ya moyo, mtu mrefu, mpole, anayesahau kula lakini hasahau jina la mgonjwa. Moyo, kama mnavyojua, umevishwa mfuko mwembamba wa ngozi mbili, na katikati yake mna majimaji kidogo ya kulainisha. Mfuko huo ukipatwa na mchochota, yaani ukawaka na kuvimba kama kidonda kinavyowaka kabla hakijapona, mtu huumwa na kifua hadi akaanza kuwausia wanawe. Wengi hutibiwa wakapona. Wengine hupona, wakarudi kazini, wakasahau, kisha maradhi yakawarudia, na yakawarudia tena.

Daktari Nassor alikuwa na swali moja tu. Kinachowarudia hawa ni maradhi mapya, au ni ule mchochota wa mwanzo ambao haukuzimika? Alinifahamisha kwa moto wa makumbi. Makumbi ya nazi ukiyatazama kwa juu ni majivu matupu, ukitia mkono ndani unaungua. Alitaka kujua kama damu inaweza kutuambia kwamba moto bado upo wakati mgonjwa mwenyewe anaona majivu. Ndiyo maana tukawa tunawatoa watu damu wakiwa wagonjwa, na tukawarudia kuwatoa tena wakiwa wazima. Hilo la pili lilikuwa taabu kweli. Mtu anapika, anafua, anagombana na jirani, anaona ameshapona, kisha anaona muuguzi anabisha hodi na sindano.

Taabu nyengine ilikuwa adabu yetu wenyewe. Maswali tuliyopewa kuwauliza wagonjwa yaliandikwa na watu wa mbali, na la kwanza lilikuwa: je, unajihisi mzima? Sasa hapa Unguja nani atakujibu hapana? Nilimwendea mzee mmoja wa Mbweni, nikamkuta kajishika kifua, jasho linamchuruzika. Nikamuuliza hali, akanijibu, "Alhamdulillahi, njema kabisa, sijui nyinyi huko mjini." Tukajaza majibu yetu vizuri, tukampelekea Daktari Nassor. Wote wazima. Damu zao zinasema vyengine kabisa. Alicheka mpaka akavua miwani, kisha akanipa somo ambalo nawapa nanyi bila kulipunguza.

"Usimuulize mtu kama ni mzima, Bi Zuhura," alisema. "Muulize jana kalalaje."

Kwa sababu mwenye maradhi haya akilala chali maumivu humzidi, na akikaa akainamia mbele hupata nafuu. Mwenye adabu atakuficha maumivu, lakini hatakuficha mito aliyojipangia kulalia. Tangu siku ile nikawa naingia nyumba za watu nauliza habari za mito, hata baadhi ya watu wa Nungwi wakadhani nauza magodoro.

Yeye ndiye aliyenifundisha pia kusikiliza. Zile ngozi mbili zikiwaka, kila moyo ukipiga zinasuguana, na ukiweka stetoskopu kifuani huku mgonjwa kainama, unasikia kitu kama mtu anayetembea na makubadhi mapya ya ngozi, yanavyolia. Kwa muda mrefu nilikuwa nasema nimeyasikia na sijasikia kitu, kwa kuogopa kuonekana kiziwi. Siku nilipoyasikia kweli nilikumbatiana na mgonjwa. Nyinyi leo mna altrasaundi ya kubeba mkobani na kimashine kinachopima mchochota kwa tone la damu ya kidole, na mimi nafurahi, sioni kijicho. Lakini mashine haina masikio. Ikiharibika mnakaa mnaitazama.

Damu tulikuwa tunaibeba katika deli la barafu, na deli lile lilikuwa rangi moja na la muuza malai, yale maji matamu ya barafu. Kila nikishuka garini kijijini watoto wananifuata na mbio, wananiita Bi Malai. Niliwaonyesha mara moja kilichomo, wakakimbia wakasema mimi ni mumiani. Baada ya hapo nikajifunza kupita kwa sheha, mkubwa wa kijiji, kwanza, kukaa, kunywa maji, kueleza, kisha ndiyo nitoe sindano. Na jengine la mkono: ukimtoa mtu damu, mpashe kiganja joto kwa kiganja chako kwanza. Mshipa unakuja juu, na mtu anajua kuwa umemshika kabla ya kumchoma.

Ramadhani tulikuwa tunakwenda baada ya futari, kwani wapo waliohofia kutolewa damu kutaharibu saumu yao, na mimi si wa kubishana na mtu na saumu yake. Nilikuwa nakwenda na Elia. Huyu alikuwa kijana kutoka Iringa, Mkristo, mwenye kazi ya kuwapigia simu wagonjwa na kuwapangia siku za kliniki, mchapakazi na mwenye haya. Kila nyumba wanamtilia uji, tambi na mihogo ya nazi, naye anaona kukataa ni kuwatukana. Ikafika mahali akaninong'oneza, "Mama, nakuomba, nyumba ijayo waambie nami nimekatazwa na daktari." Sikuwaambia. Nilimwacha ale.

Elia ndiye aliyenipeleka kwa Kazija, ingawa hakukusudia. Kazija si jina lake. Nimempa hili kumsitiri. Alikuwa mwanamke kijana wa Nungwi, mshonaji kofia, na maradhi yake yalikuwa yameshamrudia kabla hatujamjua. Mumewe, Haji, alikuwa fundi bomba, na ndiye aliyemtibu zaidi kuliko sisi. Alimleta kliniki kwa vespa yake, akakaa nje anamngoja, na nyumbani saa ya dawa ikifika, hata yeye mwenyewe akiwa bafuni, humwita kwa sauti, "Kazija, vidonge!" Majirani walikuwa wanajua saa kwa sauti ile. Mara ya mwisho kuwaona wote wawili, Kazija alikuwa mzima, anacheka, analala kwa mto mmoja. Tulimtoa damu, ikahifadhiwa kwenye friza ingoje kupimwa pamoja na nyengine kama utaratibu wetu ulivyokuwa, naye akarudi kwao na vidonge vyake.

Baada ya hapo hakuja tena. Kwenye mkutano wetu Elia akatoa habari kwamba Kazija amejitoa katika utafiti. Alikuwa amepiga simu mara kadhaa, ikapokelewa na kaka yake, akaambiwa kwamba dada hazungumzi na wanaume kwa sasa na kliniki haji. Kwa mtu wa kwao Iringa hayo ni maneno ya kukataa, tena ya kukataa kwa ukali. Na utaratibu ulikuwa kwamba aliyejitoa tunamheshimu, hatumfuati, na dawa zetu zinasita.

Nikamuuliza, "Elia, mumewe mzima?"

Hakujua. Nikampigia muuguzi mmoja wa kule Nungwi ninayejuana naye, akaniambia Haji alifariki kwa ajali ya barabarani, wameshamzika zamani, na Kazija yumo edani. Kaka mtu hakutaja msiba kwa sababu hakudhani kuna mtu asiyeujua, na mjane aliyekaa eda hatoki nyumbani wala haongei na wanaume wa kando mpaka muda wake utimie. Elia aliinamisha kichwa. Akasema hakuna aliyemfundisha mambo hayo, na alisema kweli. Tulimfundisha kila kitu cha damu, hatukumfundisha eda. Lakini mimi nilikuwa nawaza jengine. Haji hayupo, basi nani anamwita Kazija saa ya vidonge? Na vidonge vyenyewe lazima vilikuwa vimeshamalizika.

Asubuhi yake tukaenda. Elia akabaki barazani na kaka mtu, mimi nikaingizwa ndani na mama yake Kazija, Bi Mize, mwanamke mwembamba mwenye macho ya mtu aliyelia akachoka. Kazija alikuwa amekaa kwenye mkeka chumba cha ndani, nguo zake za eda, bila wanja, bila manukato. Alikuwa amekonda. Akanipa shikamoo, nikamwitikia, nikampa pole, tukaliliana kidogo. Nikamuuliza hali.

"Alhamdulillahi, Bi Zuhura."

Nikatoa somo langu la Daktari Nassor, nikamuuliza jana kalalaje. Akanitazama akasema, "Mjane analala?"

Swali lile lililonifaa nyumba zote, hapa halikunifaa kitu. Bi Mize akanieleza kwamba mwanawe hali, pumzi zake fupi, mara nyingi anajishika kifua, na watu wote wanafahamu kwamba ni huzuni, moyo unamuuma kwa mumewe. Kilichomfariji yeye ni subira ya mwanawe, kwani hata siku ya msiba hakulia kwa sauti, alitokwa na machozi tu. Na Kazija mwenyewe aliitikia kwa kichwa. Wanangu, nilikaribia kuamini. Mimi pia nimefiwa na mume, najua kifua kinavyobana. Nani atakayempima mtu huzuni yake amwambie hii si huzuni?

Adhuhuri ikaadhiniwa, tukatandika misala tukasali watatu mle chumbani, kila mtu sala yake. Nikatoa salamu, Bi Mize akatoa, Kazija bado yuko kwenye sijda. Tukasubiri. Nikavuta uradi wa baada ya sala, nikamaliza, bado yuko chini. Bi Mize akaniinamia sikioni, na kwa mara ya kwanza siku ile nikaona uso wake umekunjuka.

"Tangu mumewe afe, sijda zake ndo ndefu hivyo," akasema. "Mungu kamjaalia."

Mimi nilikuwa namtazama mgongoni. Pale chini, paji la uso likiwa kwenye msala, mabega yake yalikuwa yamelegea na pumzi zake zimetulia. Alipoinuka akakaa wima, mkono ukaenda kifuani wenyewe na pumzi zikarudi kuwa fupi. Akasujudu tena, zikatulia. Nikamngoja atoe salamu, nikasogea karibu yake.

"Kazija, mwanangu, unaomba nini muda wote ule?"

Akamtazama mama yake, akatazama msala.

"Siombi kitu, Bi Zuhura," akasema. "Nikiwa chini hakiniumi. Mama anadhani nnaomba, nami nnaona haya kwa Mungu."

Machozi yakamtoka, lakini kimya, kwa pumzi za juu juu. Maneno yale yaliniumiza kuliko maradhi yenyewe, mtoto wa watu kukaa na uchungu wake akidhani anamdanganya Mola wake. Nikamwambia Mungu ndiye aliyemuonyesha pa kupumulia, asione haya. Kisha nikamwinamisha, nikaweka stetoskopu. Makubadhi yalikuwepo, lakini mapigo ya moyo yalikuwa yanasikika kwa mbali, na hilo lilinitisha zaidi. Nikatoka uani nikampigia Daktari Nassor. Akaniuliza mambo mawili matatu, akasema nimlete leo, si kesho.

Sasa ikawa kazi nyengine. Kaka mtu alisema mjane hatoki. Sikumlaumu, alikuwa anamlinda dadake. Nikamwambia nionavyo mimi ugonjwa ni dharura, na dharura ina ruhusa yake, ila mimi ni muuguzi, si shekhe. Akampigia mwalimu wao wa dini, mwalimu akamjibu hata maneno hayajamalizika: mtoeni. Hapo ningedhani mambo yamekwisha, lakini kaka bado alikuwa kasimama mlangoni. Kumbe sharia haikuwa tatizo lake. Alikuwa anaogopa majirani, kwamba dadake atapita mbele ya baraza zao ndani ya eda, na maneno yatamfuata mpaka aolewe tena au afe. Tukabishana kwa upole pale, na ndani namsikia Kazija anavyopumua.

Bi Mize alikwenda chumbani akarudi amevaa buibui lake, na la mwanawe kalishika mkononi.

"Wakikuuliza," akamwambia mwanawe wa kiume, "waambie mama ndo kamtoa."

Kaka akapisha mlango.

Garini Kazija hakuweza kuegemea. Nikaweka mto mapajani mwangu, akauinamia, nikamshika mgongo. Bi Mize alikuwa anasoma dua chini chini. Elia alikaa mbele na dereva, na kutoka Nungwi mpaka mjini hakugeuza kichwa nyuma hata mara moja, kwa kumuheshimu mjane. Tulipofika shingo imemkakamaa, anatembea kama askari wa gwaride. Nilimpenda sana Elia siku ile.

Altrasaundi ilionyesha mfuko umejaa maji, na moyo unapiga ndani yake kwa taabu. Daktari Nassor alimweleza Bi Mize kila atakalofanya kabla ya kulifanya, kisha akayatoa maji yale kwa sindano, mimi nimemshika Kazija mkono. Alipovuta pumzi ya kwanza iliyofika mpaka chini alifungua macho, akatushangaa. Mchochota katika damu yake ulikuwa juu mno. Akarudishiwa dawa, na safari hii wa kumkumbusha akachaguliwa palepale. Kaka mtu. Tulimpigia simu, akakubali.

Wiki ile daktari akaagiza damu ya Kazija iliyokuwa kwenye friza ipimwe, ile ya siku aliyokuja na Haji, mzima, anacheka. Mchochota ulikuwemo. Haukuwa mwingi, lakini ulikuwemo. Daktari Nassor aliketi na jibu lile mkononi, na sikumuona amefurahi, ingawa alikuwa ameutafuta ushahidi wa namna ile kwa miaka. Kazija alikuwa mzima kwa macho yetu na kwa macho yake mwenyewe, na moto upo. Mtu mmoja si jibu la utafiti, nanyi msije mkanukuu maneno ya bibi yenu. Wako wengi duniani wanaolifanyia kazi jambo hili, na dawa mpya za kuuzima mchochota wenyewe mnazijua nyinyi kuliko mimi. Lakini tangu siku ile hatukungoja friza. Damu ilipimwa siku ile ile, na hakuna aliyeachishwa dawa kwa sababu tu anacheka.

Nilirudi Nungwi baada ya wiki kadhaa, Kazija bado yumo edani. Nilimkuta kaegemea ukuta, miguu kainyoosha, anashona kofia. Tukasali pamoja tena. Sijda yake ilikuwa ya kawaida kama yangu, tukamaliza karibu sawasawa, na nadhani Bi Mize alisikitika kidogo. Alipotoka kwenda kututilia chai, nikatoa bomba la sindano, nikaanza kumpasha Kazija kiganja joto, na nikamuuliza kifua.

"Hakiniumi tena," akasema. "Bi Zuhura, nilidhani mkinitibu itaondoka yote. Imeondoka ile ya kifua. Kilichobaki ni Haji."

Kisha akavuta pumzi ndefu, akalia. Alilia kwa sauti, kilio cha siku ya msiba, kilichomtoka tumboni. Bi Mize akaja mbio na kikombe mkononi, akataka kumnyamazisha, kwamba mwanangu umekuwa na subira siku zote hizi, leo vipi tena. Kazija akamjibu katikati ya kwikwi kwamba haikuwa subira. Kila alipotaka kumlilia mumewe kifua kilimchoma, akaacha. Bi Mize akakaa chini, akamvuta kichwa akamweka kifuani kwake, nao wakalia wote wawili.

Mimi nikalirudisha bomba mkobani. Nikakaa nao mpaka chai ikapoa.

Nilipofika ofisini Daktari Nassor akaniuliza damu ya Kazija iko wapi. Nikamwambia sikuichukua, nilimwacha analia. Akaniuliza alikuwa analiaje. Nikamwambia kwa sauti kubwa, kwa pumzi ndefu, na hakujishika kifua.

"Hiyo ni habari njema, Bi Zuhura," akasema. "Damu utaichukua wiki ijayo."